Mbegu Kwenye Kasha la Mukeke

Kazi yangu ni kutazama mbegu za wanaume. Haya, nimeshasema, tuendelee. Mama yangu, Mungu amlaze pema, aliondoka duniani akiwaambia wanakwaya wenzake kwamba binti yake wa mwisho anapima malaria, nami sikumsahihisha kwa sababu alilisema kwa fahari. Lakini mzee mmoja wa kanisa letu la Mutanga Nord alipong'ang'ania kuniuliza, tukiwa mlangoni baada ya ibada, ni nini hasa ninachokitazama hospitalini kutwa nzima, nilimjibu waziwazi. Alikohoa, akatengeneza tai yake, akasema Bwana aibariki kazi ya mikono yangu. Nilicheka hadi ikabidi nijifiche nyuma ya gari la mchungaji.

Sina aibu nayo hata chembe. Ninaipenda kazi hii kama wengine wanavyopenda mpira. Ukiweka tone moja chini ya hadubini, ukageuza kile kigurudumu cha pembeni mpaka ukungu ukaondoka, unaona umati mzima unakimbia, kila mmoja na mkia wake, hakuna anayejua anakwenda wapi. Mara ya kwanza nilipowaona, nikiwa mwanafunzi, nilipiga ukelele darasani.

Ila siku hizi hatuhesabu tu wanaokimbia. Utafiti wetu ni wa epijenetiki, na kwa kuwa neno lenyewe linatisha, ngoja nieleze kama nilivyomweleza dada yangu. Chukua kitabu cha nyimbo cha kwaya. Maneno yamechapwa, hayabadiliki. Lakini kiongozi wa kwaya amepita na penseli: hapa rukeni, hapa imbeni polepole, ubeti huu leo hapana. Kwaya mbili zenye kitabu kilekile zitaimba tofauti kwa sababu ya penseli tu. Vinasaba vya mwanadamu ndicho kitabu, na juu yake kuna alama ndogo za kikemia zilizobandikwa hapa na pale, zinazosema kipi kisomwe na kipi kinyamaze. Sisi tunasoma alama zilizo kwenye vinasaba vya mbegu. Tunataka kujua kama wanaume ambao wake zao hawashiki mimba wana alama zilizokaa vibaya, na kama ni hivyo, nini kilizivuruga: sigara, pombe, joto, miaka. Kinachonipa moyo ni kwamba alama nyingine za penseli hufutika.

Basi, wakati ninaouzungumzia, utafiti huo ulikuwa unakufa kwa kukosa wanaume.

Kwetu mwanamke asiyezaa ana jina tayari. Ni ingumba. Neno hilo la Kirundi hutupiwa mwanamke sokoni, kisimani, hata msibani, na sijawahi kusikia mtu akimtupia mwanamume. Kwa hiyo wanawake ndio waliokuja kwetu, tena kwa wingi, wakapimwa kila kinachopimika. Waume zao walibaki nje wakibonyeza simu. Na wachache waliothubutu kuingia walikutana na benchi. Chumba cha kutolea mbegu kilitazamana na benchi la wajawazito, akili ya aliyepanga hivyo anaijua mwenyewe. Mwanamume anatoka na kikopo mkononi, benchi zima linanyamaza, kisha mmoja anaguna. Yule hakurudi tena, na aliwasimulia wenzake. Mkuu wetu wa kazi alikuwa ameshatuambia kwamba hali ikiendelea vile, utafiti utahamishiwa mji mwingine, na jokofu letu kubwa litaondoka nao.

Katika majira hayohayo dada yangu alikuja nyumbani kwangu.

Dada ndiye mkubwa wetu. Ndiye aliyeninyoa nywele siku ya kwanza ya shule, ndiye aliyenifundisha kusema hapana bila kushusha macho. Ameolewa na mfanyabiashara wa samaki, wanaishi Kibenga, karibu na ziwa, na ni mume mwema kweli, mcheshi, mkarimu, hapigi kelele. Miaka ya ndoa yao ilikuwa imekwenda bila mtoto. Dada alikuwa amepimwa huku na huku, ameombewa, amenyweshwa mizizi michungu ya kila rangi, na kila daktari alimwambia kitu kilekile, kwamba mwili wake hauna tatizo lolote.

Alikaa kwenye kochi langu, akavua viatu, akavipanga vizuri kama mgeni. Hapo nikajua kuna jambo, maana dada yangu akija kwangu hurusha viatu.

"Jumapili wanakuja," alisema. "Mama mukwe ameita familia. Wataleta pombe, na wamekwisha kumutuma mutu kwa baba mudogo. Wananirudisha kwetu."

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Mume wangu? Hasemi kitu. Anaangalia chini kama mutoto aliyevunja sahani."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulizoea kutoka kinywani mwake. Aliniambia anaogopa. Alisema, "Mi naipenda ile nyumba, mudogo wangu. Nampenda yule bwana. Nitaenda wapi na jina la ingumba?" Nilimkumbatia, na moyoni nilikuwa nawaka. Niliwaza jambo moja tu: kati ya watu wote waliopimwa katika ndoa ile, aliyekuwa hajapimwa ni mmoja, na mimi shemeji yake ndiyo kazi yangu.

Kesho yake jioni nilimfuata. Alikuwa kwenye ligala. Kwetu Bujumbura kila mtaa una ligala lake, ile kona ambapo wanaume hukaa baada ya kazi wakijadili mpira, siasa na wake za watu. Mwanamke hasimami ligala. Anapita haraka, anasalimia, anakwenda zake. Mimi nilisimama. Nilisimama mpaka mazungumzo yakakauka, ndipo shemeji akainuka mwenyewe, akanivuta pembeni karibu na gari lake.

Gari lenyewe lazima nilitaje. Ni Hiace nyeupe, mama yake alimnunulia siku ya harusi, ikaja na utepe mwekundu mbele kama bibi harusi wa pili. Mama huyo ni mfanyabiashara mkubwa wa mawese, mwanamke mwenye sauti ya kuita kivuko, na zawadi ile aliisimulia Bujumbura nzima. Kila siku ya kazi shemeji huenda nayo Rumonge kwa barabara ya ziwani, akarudi imejaa makasha ya mukeke, ule samaki wetu mtamu wa Tanganyika, akiwa amelala kwenye barafu. Na aliyewahi kupanda Hiace ya zamani anajua kwamba injini yake iko chini ya kiti cha dereva. Shemeji alikuwa akikunja gunia na kulikalia ili asiungue.

"Shemeji," nilimwambia, "njoo upimwe kabla ya Jumapili."

"Mi? Apana."

"Kwa nini?"

"Kwenye benchi ile? Muramu wangu, nusu ya wale wamama wananunua samaki kwangu. Kesho nitawauzia mukeke na uso gani?"

Muramu ni shemeji kwa Kirundi. Nilitaka kumkaripia, lakini alisema kweli. Nikamwuliza kama tatizo ni benchi tu au ni hofu ya jibu. Alichezea ufunguo wa gari kwa muda. Akasema, "Vyote viwili." Nilimpenda zaidi kwa jibu hilo. Nikamtolea kikopo kwenye mkoba, kipya, kimefungwa, nikamwambia basi afanyie nyumbani, akilete asubuhi hospitalini, na akitunze vizuri kisiharibike njiani.

"Kutunza?" akasema, na kwa mara ya kwanza jioni ile akacheka. "Mi ndo kazi yangu kutunza. Usiwe na wasiwasi."

Asubuhi alifika na kasha la barafu begani. Mwuguzi wa mapokezi alimwambia jiko liko nyuma. Akasema apana, hii ni ya labo. Akaingia kwetu maabara, akatua kasha mezani, akachomoa mukeke wawili wanono akampa mwenzangu kama zawadi, kisha akazamisha mkono hadi kiwiko, akatoa kikopo. Utaratibu wa kazi yetu haumruhusu mtu kumpima ndugu yake, kwa hiyo mwenzangu, kijana mpole wa Nyakabiga asiyejua kupandisha sauti, ndiye aliyekaa kwenye hadubini. Shemeji alikubali kwa kinywa chake nibaki chumbani nisikie jibu. Nilisimama dirishani nikijifanya natazama jacaranda.

Mwenzangu alitazama. Akageuza kigurudumu. Akatazama tena. Akaandaa tone jingine, akatazama hilo pia. Kisha akaniangalia, na macho yake yalisema yote.

"Hakuna inayotembea," alisema taratibu. "Hata moja."

Shemeji aliuliza, "Maana yake nini?"

"Zimekufa zote."

Jamani, sijui niseme nini juu ya uso wa mtu yule. Alikaa kwenye kile kiti cha chuma, akaweka mikono yake mikubwa magotini, akasema polepole, "Kumbe mi ni mufu ninayetembea." Nilitoka hadi kwenye korido nikalia. Nililia kwa ajili yake, kwa ajili ya dada, kwa ajili ya Jumapili. Kisha nikajifuta machozi kwa koti la kazi, nikarudi ndani kukiondoa kikopo mezani, walau mikono yangu ipate cha kufanya. Kikopo kilikuwa baridi kama soda.

"Shemeji. Hiki kilikuwa wapi?"

"Kwenye barafu."

"Barafu gani?"

"Barafu, barafu! Katikati kabisa, chini ya mukeke. Toka nilipomaliza. Mi si mujinga, muramu, najua kitu cha mwili hakikai nje na joto hili."

Mwenzangu alishuka kwenye kiti akakaa sakafuni. Yule kijana asiyejua kupandisha sauti alicheka hadi miwani ikamdondoka. Mimi nilikuwa nacheka na kufoka kwa pamoja. Mana yanje, Mungu wangu! Mbegu ya mtu si samaki! Inataka joto la mwili, ukiizamisha kwenye barafu unaiua palepale, hata ingekuwa ya bingwa wa mbio! Shemeji alikasirika kweli. "Miaka yote nimebeba samaki toka Rumonge," alisema, "hakuna hata moja imenuka. Leo mnanicheka?" Lakini rangi ilikuwa imemrudia usoni, na nilipomwambia kwamba kipimo kile hakihesabiki, kwamba atakirudia baada ya siku chache, alisimama akatukumbatia wote wawili, na tukanuka samaki mpaka saa ya kwenda nyumbani.

Alipoondoka, nilikinyanyua kikopo nikitupe. Mkono ukasimama juu ya pipa.

Mbegu zile zilikuwa zimekufa, sawa. Lakini mimi sikuwa nasoma mwendo. Nilikuwa nasoma penseli, na penseli haiondoki kwa baridi. Sisi wenyewe, tukishapokea mbegu za utafiti, tunazigandisha. Tulikuwa tumewalazimisha wanaume wapite mbele ya benchi lile, wakiwa na kikopo cha moto mkononi, kwa sababu kipimo cha mwendo ndicho tulichokizoea, na tukasahau kabisa kwamba utafiti wa alama haukihitaji. Mwanamume angeweza kubaki nyumbani kwake, akafunga mlango wake, akakiweka kikopo kwenye barafu, akakituma.

Nilimpigia shemeji simu kabla hajafika Kibenga. "Ile ya barafu, unakubali tuitumie kwenye utafiti?" Akauliza kama jina lake litaandikwa. Nikamwambia inaandikwa namba tu, atakayesoma matokeo hatajua ni ya nani. Akasema, "Basi tumia. Isife bure."

Tuliifanyia kazi palepale. Kwanza unaziosha, unaondoa chembe nyingine zote zisizo za mbegu, maana zina alama zake na zitakudanganya. Mwenzangu alinikumbusha, kwa uso mkavu kabisa, kwamba tuhakikishe hatusomi alama za mukeke. Kisha unazifungua. Mbegu imefungasha vinasaba vyake kwa kubana ajabu, havifunguki mpaka utie dawa inayonuka yai bovu, chumba kizima kinakimbiwa. Nilikaa pale na harufu yangu. Mashine ndogo ya kupima usafi iliposoma jibu, vinasaba vilikuwa safi, vingi, vizima. Nilipiga meza kwa kiganja mpaka kikauma. Nilipiga kelele, "Tumeshinda!" na hapakuwa na mtu wa kunisikia isipokuwa jokofu.

Lakini Jumapili ilikuwa bado inakuja, na kwa dada yangu ushindi huo haukuwa na faida yoyote.

Shemeji alirudi Ijumaa. Safari hii kikopo kilikuwa ndani ya shati, kimebanwa kwapani, na alitembea kwenye korido ameinama upande mmoja kama mwenye jipu. Mwenzangu alitazama kwa muda mrefu. Zilikuwepo zilizo hai, kweli zilikuwepo, lakini chache, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zinazunguka palepale au zinatetemeka tu. Alimweleza yote bila kuficha na bila kumtisha. Akamwuliza juu ya sigara, havuti. Pombe, ya wikendi. Homa, dawa, ajali, hapana. Akamwuliza anafanya kazi gani na anakaaje kazini. Shemeji alipofika kwenye lile gunia la kukalia, mwenzangu aliweka kalamu chini.

Kiwanda cha mbegu kimening'inizwa nje ya mwili kwa sababu kinataka ubaridi kidogo. Mbegu zikishatoka zinataka joto la mwili, lakini zinapotengenezwa joto hilohilo ni adui yao. Nilimwona shemeji akilifikiria jambo hilo. Miaka yote samaki walikuwa nyuma kwenye barafu, na yeye mbele juu ya moto.

"Inaweza kurudi?" aliuliza.

Mwenzangu alimwambia mara nyingi hurudi, mwili hutengeneza mbegu mpya kila wakati, akitoka kwenye lile joto inahitaji miezi kama mitatu kuonyesha tofauti. Hakumwahidi. Shemeji akauliza swali ambalo sitalisahau. "Na muke wangu? Yeye hana kosa kabisa?"

"Vipimo vyake vyote ni vizima."

"Kwa hiyo ni mi." Akavaa kofia yake, akatoka. Hakuniambia atafanya nini.

Na mimi sikuweza kumwambia dada. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hata kama mgonjwa ni shemeji yako na anayeumia ni tumbo moja nawe. Jumamosi dada alinipigia simu mara kadhaa, nami nikaongea naye habari za nguo atakazovaa. Ulimi wangu nilikuwa nauhisi mdomoni kama jiwe.

Jumapili tulikusanyika uani kwao Kibenga. Kwetu neno zito halisemwi koo likiwa kavu, kwa hiyo mtungi wa pombe ya mtama ulikuwa katikati, na mirija yake mirefu, watu wanainama kwa zamu kunyonya. Upande ule alikaa mama mkwe na watu wake. Upande huu baba mdogo wetu na sisi. Dada alikaa karibu nami, amevaa kitenge chake bora. Alikataa kuinamisha kichwa. Shemeji alikaa karibu na mama yake; alikuwa ametoka sasa hivi na gari kuleta makreti ya vinywaji, jasho lilikuwa bado linamtoka.

Msemaji wao alikuwa mzee mwenye maneno laini. Alishukuru mvua, akashukuru barabara, akatushukuru kwa binti mzuri tuliyewapa. Kisha akaanza kuzungumzia shamba. Walipewa shamba, walilipenda, walipanda kila msimu, walingoja. Shamba halikutoa. Mkulima mwenye busara, alisema, hachukii shamba, analirudisha kwa mwenyewe kwa heshima. Nilimwona baba mdogo akikaza taya. Dada alinishika mkono, kucha zake zikaniingia. Nilimtazama shemeji kwa macho yangu yote, nikisema moyoni, sema, we mwanamume, sema sasa, la sivyo sitakusamehe mpaka kaburini.

Alisimama. Aligonga mtungi kwa goti akiwa anainuka, pombe ikamwagika kidogo.

"Muzee, samahani nakukata," alisema. "Shamba halina kosa. Mbegu ndo mbovu."

Mtu mmoja aliyekuwa ananyonya mrija alibaki nao mdomoni.

"Nimepimwa," aliendelea. "Mara mbili. Muke wangu muzima. Ni mi. Yule anayetaka kumuita mutu ingumba, aniite mi, niko hapa."

Dada yangu alitoa sauti ambayo sijui kama ilikuwa kilio au kicheko. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikujificha. Mama mkwe aliinuka, mkono kifuani. "Nani kakuloga mwanangu? Nani?"

"Hakuna aliyeniloga, mama. Ni kile kiti cha gari. Ile moto ya injini imepika mbegu."

Akamweleza kama alivyoelezwa, mbele ya watu wote, mwanamume mzima, mfanyabiashara wa samaki, akielekeza kidole kule kunakohusika. Kungekuwa siku nyingine ningecheka. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka uani bila neno, akaenda barabarani lilipoegeshwa gari. Tulimwona kupitia lango. Alifungua mlango wa dereva, akaondoa lile gunia, akaweka kiganja juu ya kiti. Akakiondoa haraka. Akakirudisha tena, akakiacha pale, ameinamisha kichwa. Hiace yake ile ya utepe mwekundu.

Aliporudi hakukaa. Alimwambia mwanawe, "Hii gari hautaiendesha tena. Kesho inauzwa." Halafu akaja upande wetu. Alijifungua kile kitenge cha juu alichojifunga mabegani, kizuri, kipya, akamfunika dada yangu nacho mwenyewe, akakivuta vizuri mbele kama anavyofunikwa mzazi aliyetoka kujifungua. Alisema, "Mwanangu, nimekuita jina lisilo lako." Dada alimtazama sana. Sikujua atajibu nini, kwa sababu nazijua hasira zake, ni kama zangu. Akasema, "Ndiyo, mama, uliniita. Na iliniuma." Kisha akamshika mkono, akamkalisha karibu naye. Baba mdogo, aliyekuja na hotuba nzima ya vita, akajikuna kichwa, akasema basi tunywe. Tukanywa, yoo, tulikunywa!

Ligala lilikuwa limeshajua kabla ya jua kuzama. Nilidhani watamcheka. Labda walimcheka, ndio kazi ya ligala. Lakini wiki ile shemeji alinipigia akasema kuna jamaa zake wawili, madereva, wanauliza ile ya barafu inafanywa aje. Halafu akaja mwoka mikate. Halafu mchoma matofali, na rafiki yake, na shemeji wa rafiki yake. Shemeji alinunua pikapu yenye injini mbele, mahali pake, na asubuhi akitoka Rumonge anapitia mlango wetu wa nyuma na kasha dogo la buluu lililofungwa, vikopo ndani, hakuna jina hata moja, hakuna benchi. Jokofu letu lilijaa. Mkuu wetu alilifungua siku moja, akalitazama, akaniuliza nimewapata wapi wanaume wote hawa. Nikamjibu, kwa wauza samaki. Hakuna aliyezungumzia tena kuuhamisha utafiti.

Sitadai kwamba tumepata majibu yote. Bado tunasoma, tunalinganisha, tunabishana. Mtu mmoja si utafiti, hilo nawaambia wanafunzi wangu kila siku. Ila shemeji mwenyewe alipoomba kulinganishiwa alama zake za mwanzo na za baadaye, mahali kadhaa zilikuwa zimesogea upande wa wanaume wenye watoto, nami nilikaa na karatasi ile mkononi nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Kipimo chake cha mwendo kilifanywa miezi ilipotimia. Alikuja, kikopo kwapani, na nyuma yake alikuja dada, na nyuma ya dada mama mkwe, amevaa kama anakwenda ubatizo. Mwenzangu alitazama, akatabasamu, akasogea. Dada akatazama, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mama mkwe akasema naye anataka kuona.

"Mama!" shemeji alisema. "Aibu!"

"Aibu gani? Nimekuogesha mi mwenyewe. Toka nje kama unaona haya."

Shemeji alitoka mbio. Yule mama akavua miwani, akainama, akaweka jicho kwenye hadubini. Kisha akashika ukingo wa meza.

"Wanakimbia," alisema. "Yewe, angalia wanavyokimbia! Wote hawa wajukuu wangu?"

Akainuka, akatupa kichwa nyuma, akapiga impundu, vile vigelegele vyetu vinavyopigwa mtoto anapozaliwa, kwa ile sauti yake ya kuita kivuko. Akazipiga tena na tena, akimkumbatia dada yangu, akimzungusha katikati ya meza zetu, vikopo vinagongana kwenye trei. Benchi la wajawazito likaitikia kutoka upande wa pili wa ukuta bila kujua ni kwa nini. Mwuguzi wa mapokezi akaja mbio, akafungua mlango, akauliza nani kajifungua.

Dada yangu, machozi yakimtiririka, akacheka akamjibu, "Bado."